Wino wa Kabambare na Jicho la Mashini

Vijana wanasema: «Elimu ya siku hizi itatengeneza dunia.» Wazee wanajibu: «Itaiharibu.» Tusikate shauri upesi. Kwanza tusikilize habari moja ya kwetu.

Mwaka 1870 msafiri David Livingstone alikaa miezi mingi Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, kwa ajili ya vidonda vya miguu. Mwisho wa mwezi wa tatu 1871 akafika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, katika nchi ya Kasongo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino pia. Basi akachukua magazeti ya zamani ya Ulaya, akaandika juu ya maneno yaliyopigwa chapa, na wino akaukamua katika mmea wa huku. Mwanafunzi anayelia kwamba daftari hazitoshi, na afikiri kidogo.

Lakini wino ule ulififia. Miaka ikapita, kurasa zikafika kwao Uskoti, na habari za gazeti zikaonekana kuliko habari za Livingstone. Ndipo wenye elimu wakaleta mashini. Njia yao si uchawi: kila wino hupokea mwanga kwa namna yake, na mwanga mwingine macho yetu hayauoni. Wakapiga picha kila ukurasa chini ya mianga mbalimbali, mmoja mmoja, kisha ordinateri ikalinganisha picha hizo, ikafifiza chapa na kukoleza wino wa mmea. Mwezi wa kumi na moja 2011 maandiko ya mwaka 1871 yakatolewa, watu wote wayasome.

Ni habari gani zilizofufuka? Tarehe 15 Julai 1871 watu kama 1500 walikuja sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake. Watu wa wafanyabiashara wenye bunduki wakaingia. Mmoja akabishana juu ya bei ya kuku, akamnyang'anya. Mara bunduki zikalia. Watu wakakimbilia mitumbwi, wengi wakazama mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Na bunduki, ndugu zetu, ni mtoto wa elimu vilevile, kama ile mashini ya picha. Mama mmoja, watoto wawili.

Tena kuna neno jingine. Watafiti waliona kwamba Livingstone, alipoinakili habari hii baadaye katika kitabu chake, alibadili mambo kadhaa, hasa juu ya mwenendo wa watu wake mwenyewe. Hata mtu mwema, akinakili, kalamu yake huwa na adabu kuliko macho yake. Tusimcheke. Nani kati yetu, akijiandaa kuungama, hajapata kunakili dhambi zake kwa wino mzuri zaidi?

Basi tuseme nini juu ya wakati ujao? Leo mashini inasoma wino uliofutika; inatunga hata barua na hotuba, na labda padri fulani amekwisha kuijaribu jumamosi usiku. Hatuikatai. Lakini tuangalie vizuri: habari za Nyangwe zilipofika Uingereza mwaka 1872, ziliwachoma watu moyo, zikawa sababu mojawapo ya mapatano ya tarehe 5 Juni 1873, ambayo kwayo Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja. Wakati ule hapakuwa na ordinateri. Palikuwa na mtu mgonjwa, gazeti kuukuu, maji ya mmea, na moyo uliokataa kunyamaza.

Mashini imefufua wino. Waliozama Lualaba haikuwafufua. Kwa hiyo mtu akituuliza kama mashini za kesho zitakuwa na akili, tumjibu: bila shaka zitakuwa nayo. Kisha na sisi tumwulize: na yule anayebishana juu ya bei ya kuku, ameshika nini mkononi, na nani amemfundisha kwamba mama aliye mbele yake ni mtu?