Kubonga Frenchi Kwa Nganya

Nilianza Frenchi na mori mob. Kila Jumamosi masaa nne kwa meza, kitabu, kalamu za rangi, simu off. Ikifika Jumatano kila kitu imehama, imebaki "je suis" pekee yake. Ilikuwa hivyo miezi mbili, hadi nikashika rada: lugha inataka mkae keja moja, haitaki kutembelewa wikendi.

Sai nimeibandika kwa vitu nafanyanga tu kila siku. Asubuhi nikiweka chai kwa meko nawasha redio ya RFI, wako na taarifa ya habari ya Kifaransa rahisi, dakika 10. Siku ya kwanza nilishika maneno tatu. Sikujam. Kesho yake nikaiwasha tena.

Lakini kwa nganya ndio kuna raha. Nahesabu chenji pole pole mdomoni. Mbao ni vingt, finje ni cinquante, soo ni cent. Noma inaanza ukifika 70: soixante-dix, yaani sitini na kumi. 80 ni quatre-vingts, ishirini mara nne. 90 ni hizo ishirini nne, alafu uongeze kumi. Makanga akidai themanini, mi nishaitamka kabla nitoe doo. Inajitoa yenyewe, juu nimeirudia kila asubuhi kutoka Umoja hadi tao.

Kuna fundi M'Kongo hushona vitenge hapa mtaani. Nikampelekea soixante-dix yangu, akanichapia kwao ni septante, na 90 ni nonante. Wabelgiji pia wanasema hivyo. Niliskia poa sana. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, so hii ni lugha ya jirani yetu kabisa.

Wasee huogopa le na la, juu kila jina la kitu liko na kundi lake. Buda, we umekua ukijua kiti hiki, meza hii, maji haya, ata kama mtaani tunazichanganya. Frenchi iko na makundi mbili pekee. Nikipata neno mpya nalibeba na mwenzake: la table, le pain. Nikilishika bila huyo mwenzake, nitakuja kumtafuta tena.

Kuna siku job imekukamua hadi macho hazifunguki. Hiyo siku nasema sentensi moja nikipiga mswaki, naweka alama kwa kalenda ya ukutani, nalala. Moja inatosha. Zile alama zimejipanga laini moja tangu Machi, na sitaki kuona shimo hapo katikati.

Alhamisi nilimpelekea fundi longi yangu. Kawaida hunibongesha Kiswahili. Sasa alikuwa ameinamia cherehani, pini mdomoni, akakunja pindo akaniuliza, "Comme ça?"

"Un peu plus court," nikamjibu.

Akachukua chaki, akachora laini juu kidogo, akaendelea kushona.