Ze Comedy ilivyovuka Mto Ruvuma

Mfanyabiashara aliyewahi kulala Palma au Mocímboa da Praia kabla ya vita atakumbuka: jioni jenereta likiwashwa, watu walijazana kibandani kutazama Ze Comedy ya Dar es Salaam. Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki na wenzao walianzia EATV, kisha wakahamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. CD zao zilivuka Ruvuma pamoja na sabuni na vitenge.

Mkalimani hakuhitajika. Kimwani na Kiswahili ni ndugu, na wengi upande ule wana shangazi au shemeji Mtwara. Joti akiigiza bibi kizee, kibanda kizima kiliangua kicheko kwa pamoja.

Oktoba 2017 Mocímboa ikashambuliwa. Machi 2021 ikafuata Palma. Vibanda vikafungwa, wateja wakatawanyika, na madeni yakapotea pamoja nao.

Baadhi wamerudi, na vichekesho sasa viko kwenye simu. Lakini simu humchekesha mtu mmoja. Kibandani ndiko mgeni alikozoeleka, na kesho yake akakopeshwa pweza mkavu bila maandishi. Biashara ya mpakani ilisimama juu ya imani hiyo, na bila hiyo hata barabara ikifunguliwa, kila mzigo utadaiwa fedha taslimu.