Pistoni Iliyokwama na Njia ya Nguvu

Injini ya pikipiki ya zamani ikikaa miaka mingi bila kuwashwa, pistoni huweza kukwama ndani ya silinda. Haipandi, haishuki, na kiki ikikanyagwa hugoma. Tuchukue mfano wa BSA Bantam D1, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948. Usanifu wake ulitokana na DKW RT 125 ya Ujerumani, na Posta ya Uingereza iliwapa Bantam vijana wake waliosambaza simu za maandishi. Injini yake ni ya mipigo miwili, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 123, na haina vali wala mnyororo wa ndani wa kuziendesha. Kwa hiyo ni rahisi kufuata kinachoshikana na kinachosukumwa.

Kwanza tutenganishe sababu. Pistoni iliyokwama kwa joto ilishika safarini: mafuta yalipungua, alumini ya pistoni ikalainika na kujipaka kwenye ukuta wa silinda. Iliyokwama kwa kutu ilishika ikiwa imeegeshwa. Unyevu uliingia kupitia tundu la moshi au kabureta, ukakuta ukuta wa chuma cha kusubu na ringi za chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana hujaza uwazi mwembamba ulio kati ya ringi na ukuta. Hapa tunaizungumzia hii ya pili.

Sasa tufuate njia ya nguvu. Mguu unasukuma kiki, kiki inazungusha gia, gia zinazungusha kranki, kranki inaisukuma fimbo ya pistoni, na mwishoni kabisa ndipo pistoni inaguswa. Kranki ya Bantam si kipande kimoja. Imeunganishwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja kwa mashine. Anayerukia kiki kwa uzito wote wa mwili anavilemea vipande hivyo, pamoja na meno ya gia, kabla hajaitikisa kutu yenyewe.

Njia ya upole ni kimiminika. Plagi hutolewa, na mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya giaboksi ya otomatiki humiminwa juu ya pistoni. Asetoni huyafanya mafuta yawe mepesi yapenye penye uwazi mdogo, haiyeyushi kutu. Vimiminika hivyo viwili hujitenga, hivyo hutikiswa kila mara kabla ya kumimina. Ikiwa pistoni imekwama chini, matundu ya pembeni yako wazi na mchanganyiko utavuja kuelekea ekzosi, basi itabidi pikipiki iinamishwe upande ulio kinyume na tundu la ekzosi. Kisha ni kusubiri kwa siku kadhaa, na kuongeza.

Wengi hukimbilia moto. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu kwa joto lile lile. Maana yake, injini ikichemshwa yote, pistoni huzidi kubana. Faida hupatikana tu silinda inapopashwa haraka kutoka nje, pistoni ikiwa bado baridi, au pale vyote vinapopoa kwa mwendo usiolingana na kuipasua kutu. Asetoni hushika moto kwa urahisi mno. Chombo cha moto kisikaribie hadi mchanganyiko umwagwe na mvuke wake uishe.

Inabaki shinikizo. Pistoni ya Bantam ina kipenyo cha milimita 52, yaani eneo la sentimita za mraba 21 hivi. Pampu ya grisi iliyofungwa kwenye tundu la plagi, ikitoa shinikizo la kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba, huisukuma pistoni kwa nguvu inayozidi tani moja, na nguvu hiyo huenea sawasawa juu yake. Hewa ya kompresa haifai kwa kazi hii. Hewa iliyobanwa huweka akiba ya nguvu, na kitu kikiachia hurushwa. Grisi haibanwi sana, kwa hiyo pistoni ikisogea kidogo tu shinikizo hushuka. Lakini grisi ina masharti mawili. Pistoni iwe imefunika matundu yote, la sivyo grisi itatokea huko. Tena isiwe kileleni kabisa, kwa sababu hapo fimbo na kranki zimenyooka mstari mmoja: nguvu yote huishia kwenye beringi bila kuzungusha chochote.

Kwa hoja hizo, naona swali la kwanza si chombo gani kina nguvu zaidi, bali ni kipande gani mwenye pikipiki yuko tayari kukipoteza. Pistoni hubadilishwa. Silinda huchongwa upya na kuwekewa pistoni ya saizi kubwa zaidi. Kranki iliyopinda hudai kupasua injini nzima na kumtafuta fundi wa kuinyoosha. Njia yoyote inayoipa kranki mzigo ili kuiokoa pistoni imegeuza hesabu, hata kama mara nyingine hufanikiwa.

Pistoni ikisogea hata milimita moja, mwenye pikipiki asilazimishe iende mbali. Afungue hedi, asugue kutu yote iliyo juu ya ringi, apake mafuta, ndipo airudishe juu taratibu. Ringi ikipandishwa juu ya kutu huvunjika, na vipande vyake huukwaruza ukuta uliokuwa umepona.