Chemshabongo za Watoto Wadogo: Ulipie Nini, Utengeneze Nini

Kabla hujalipia chemshabongo yoyote ya mtoto, geuza sanduku utazame nyuma. Picha ya mbele imewekwa imvutie mtoto. Habari inayomhusu mwenye pochi iko nyuma, kwa maandishi madogo: umri, idadi ya vipande, idadi ya mafumbo. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitafuta mimi kwanza. Sanduku lenye fumbo moja na sanduku lenye mafumbo 40 huweza kupangwa rafu moja kwa bei zinazokaribiana, na mzazi asiyegeuza akaondoka na lile lenye rangi kali zaidi.

Hapa nawazungumzia watoto wa miaka minne hadi saba. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliona kwamba ni kwenye miaka saba hivi ndipo mtoto huanza kufikiri kwa mantiki juu ya vitu vilivyo mbele yake. Kabla ya hapo hushika kanuni moja kwa wakati mmoja, na huelewa zaidi kile anachoweza kukishika, kukisogeza na kukirudisha. Kwa hiyo kigezo changu ni kimoja katika kila ninachokilinganisha hapa chini: shilingi yako inampa mtoto maswali mapya mangapi ambayo anaweza kuyajaribu kwa mikono yake? Bei hupanda na kushuka toka duka hadi duka, basi nitatumia tarakimu za mfano. Weka za kwako, hesabu ni ileile.

Tuanze na masanduku ya ghali, yale yenye kadi za mafumbo yaliyopangwa toka mepesi hadi magumu. Maarufu kuliko mengi ni mchezo wa Rush Hour, uliobuniwa na Mjapani Nob Yoshigahara. Ni foleni ya magari ya plastiki. Kila gari huenda mbele na nyuma tu, na mtoto anatakiwa kuyasogeza mpaka gari jekundu lipate njia ya kutoka. Mtu yeyote aliyekwama barabarani Dar es Salaam au Nairobi anauelewa mara moja. Toleo la kawaida lina kadi 40 katika ngazi nne, kumi kila ngazi, na limeandikiwa watoto wa miaka minane kwenda juu. Tuseme umeuziwa shilingi 60,000. Ukigawa kwa 40, kila fumbo ni shilingi 1,500, na hiyo si mbaya. Lakini mtoto wako ana miaka sita. Atakaloliweza mwaka huu ni ngazi ya kwanza, mafumbo kumi, na kila moja limekugharimu 6,000. Mengine 30 yatasubiri kabatini, ikiwa magari hayajapotea. Kama nyuma yake wapo wadogo zake wawili, nunua bila wasiwasi. Kama ni mtoto mmoja, tafuta toleo la wadogo au subiri.

Picha za kuunganisha vipande ni hadithi nyingine. Mwingereza John Spilsbury alianza kuziuza London katika miaka ya 1760, ramani zilizokatwa kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia, na bado ni kitu kizuri kwa jicho na kwa vidole. Ila kila moja ina jibu moja. Mara ya kwanza mtoto anafikiri, mara ya tano anakumbuka. Ndiyo maana sishauri kuzinunua mpya. Kwenye mitumba hupatikana kwa bei ya chini sana. Mwombe muuzaji umwage vipande uhesabu kabla hujalipa, kwa sababu picha ya vipande 24 yenye 23 ni kilio nyumbani. Kwa miaka minne vipande 12 hadi 24 vinatosha. Mkiwa majirani watatu wenye watoto wa rika moja, kila mmoja anunue moja, mzungushe. Na akishaikariri, igeuze: aiunge upande usio na picha, kwa umbo la vipande peke yake. Hapo umepata fumbo la pili bila kulipa tena.

Vitabu vya mazoezi vinaonekana rahisi, na kwa bei iliyoandikwa kwenye jalada ni kweli. Tatizo ni kwamba vinatumika mara moja. Mtoto akishachora njia ya sungura kwenda kwenye karoti kwa kalamu, ukurasa umekwisha. Dawa yake ni mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na kalamu ya ubao mweupe: ingiza ukurasa ndani, achore juu ya plastiki, afute, mdogo wake naye achore. Jambo la pili la kuangalia ni lugha. Vingi vinavyouzwa kwetu vina maelekezo ya Kiingereza, na mtoto wa darasa la kwanza hushindwa kusoma swali kabla hajashindwa kulifikiri. Mzazi akaona mtoto ni mzito, kumbe hakuelewa ameulizwa nini. Ukinunua cha namna hiyo, msomee swali kwa lugha anayoiotea ndoto.

Kuhusu simu nitasema machache. Programu za bure hulipwa kwa bando na kwa matangazo, na tangazo hukatiza fikira pale pale mtoto alipokaribia jibu. Halafu kuna ule ugonjwa wa kubonyeza: kioo hakichoki, kwa hiyo mtoto hugusa kila kitu mpaka kimoja kikubali, na akapongezwa kwa nyota. Hajafikiri. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Ikiwa utatumia hiyo saa, itumie vizuri. Vipindi vya Ubongo Kids na Akili and Me, vinavyotengenezwa Dar es Salaam, ni vya Kiswahili chetu na vimejengwa juu ya hesabu na kufikiri. Kwa wenye kishikwambi ipo programu ya ScratchJr, ya bure na isiyo na matangazo, ya watoto wa miaka mitano kwenda juu, ambamo mtoto hupanga amri mfululizo ili mnyama atembee au aruke.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho wazazi wengi hukipita bila kukitazama kwa sababu wamekizoea barazani kwa wazee: dhumna. Seti moja ina vipande 28, haichakai, haina lugha ya kusoma, na ukiijua vizuri ina mafumbo ya miaka mitatu ndani yake. Nitaonyesha.

Toa vipande vyenye nambari sifuri, moja na mbili tu. Vitakuwa sita. Mwambie mtoto wa miaka minne avipange mstari mmoja, namba ikigusana na mwenzake, mpaka vyote viishe. Inawezekana, na hata mwanzo na mwisho vitakutana vikafanya duara. Atajaribu mara kadhaa, na atakapofunga duara utaona uso wake. Wiki nyingine ongeza vyenye tatu, vipande viwe kumi, umpe kazi ileile. Safari hii daima kitabaki angalau kimoja. Apange atakavyo, tisa ndio mwisho. Hilo mzazi ulijue mapema, ili usimwache alie akidhani kosa ni lake; mwulize tu, “Umefikisha vingapi? Kipi kimebaki leo?” Kesho atagundua kwamba kinachobaki hubadilika lakini kubaki hakuachi. Kisha ongeza vyenye nne, viwe 15, na ghafla vyote vinakubali tena na duara linafunga. Mtoto wa miaka saba ataanza kuuliza kwa nini, na ukimwonyesha kuhesabu kila namba inatokea mara ngapi kwenye vipande visivyo pacha, yaani ikiwa ni shufwa au witiri, ameingia kwenye hisabati ya kweli. Seti nzima ya 28 nayo hufunga. Ukipata dhumna kwa 10,000, nitajie sanduku la dukani linaloshindana nayo.

Baada ya dhumna yanakuja yale yasiyo na bei kabisa. Fumbo la chui, mbuzi na majani liko katika kila kijiji, na Ulaya nako lipo tangu karne nyingi, wao wakiwa na mbwamwitu na kabichi. Kosa letu ni kulitega kwa mdomo tu kwa mtoto wa miaka mitano, ambaye hawezi kushika pande mbili za mto kichwani. Mpe kanga iliyokunjwa iwe mto, ndala iwe mtumbwi, na vitu vitatu vya kushika viwe chui, mbuzi na majani. Mtumbwi hubeba kimoja tu kwa safari; chui akiachwa peke yake na mbuzi humla, na mbuzi akiachwa na majani huyala. Tuseme ni bibi na mjukuu wake: mjukuu atavusha mbuzi kwanza, hiyo huipata upesi. Atarudi, atavusha chui, kisha atasimama. “Bibi, nikiwaacha hapa mbuzi ataliwa!” “Haya mjukuu wangu, basi usimwache.” Kimya. Mtoto anatazama mtumbwi. Wazo la kumrudisha mbuzi alikotoka linamwuma, kwa sababu anaona ni kuharibu kazi aliyokwisha kuifanya. Usimwambie. Hapo ndipo fumbo zima lilipo, na akimrudisha mwenyewe, safari saba zinakamilika na amejifunza kwamba kurudi nyuma ni sehemu ya kwenda mbele.

Vizibo vya plastiki vya chupa za soda na maji navyo vinafaa sana. Kusanya vya rangi nne, vinne kila rangi. Chora kwenye boksi mraba wenye vyumba vinne kwa vinne, ukolezee mistari inayougawa robo nne. Kila mstari wa kulala, wa kusimama na kila robo iwe na rangi zote nne bila kurudia. Ni Sudoku ya wadogo, na zipo namna 288 za kuujaza mraba huo, kwa hiyo hutaishiwa. Anza kwa kuujaza wote mwenyewe, uondoe vinne tu avirudishe. Kila akizoea ondoa viwili zaidi. Mifuniko mitatu ya sufuria yenye ukubwa tofauti ni fumbo jingine, lile lililotangazwa na Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1883: hamisha rundo toka mkeka mmoja hadi wa tatu, mmoja baada ya mmoja, mkubwa usikae juu ya mdogo. Mifuniko mitatu ni hatua saba, minne ni hatua 15.

Usalama hauna mjadala. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, chochote kinachopenya kwenye kasha la ndani la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba koo. Vizibo vya chuma vina meno yanayokata, viacheni. Na vitu vya mbao vilivyopakwa rangi isiyojulikana msimpe mtoto anayetia vitu mdomoni. Rangi yenye madini ya risasi hudhuru ubongo uleule mnaotaka kuuchemsha. Fundi seremala wa mtaani atawakatia vipande vizuri kutoka mabaki ya mbao, vikapigwa msasa vikaachwa bila rangi.

Gharama ambayo hakuna sanduku linaloiandika ni muda wa mkubwa anayekaa karibu, akauliza, akanyamaza. Bila huyo, sanduku la 60,000 na boksi la vizibo huishia pamoja chini ya kitanda.

Uamuzi wangu basi. Mwenye 10,000 anunue dhumna, asiongeze kitu. Mwenye 20,000 aongeze mfuko wa plastiki, kalamu ya ubao na kitabu kimoja cha mazoezi cha Kiswahili. Mwenye 60,000 na watoto wawili au zaidi anunue sanduku la kadi lenye ngazi, baada ya kuhesabu ni mafumbo mangapi mtoto mdogo ataweza mwaka huu. Asiye na kitu aanze leo jioni na kanga, ndala na mbuzi.