Kisima cha msikiti na shimo la choo: Tulichojifunza Buigiri

Kabla ya Ramadhani iliyopita, kamati ya msikiti wetu hapa Buigiri ilikuwa na kazi mbili mkononi: kuchimba kisima kirefu cha sadaka, na kujenga vyoo vipya vya madrasa. Wafadhili walikwishatoa, Allah awalipe, na shimo la choo lilikwishafika nusu. Kutoka hapo hadi mahali pa kisima palikuwa na mita 35, ilhali umbali uliozoeleka ni mita 30. Isitoshe, choo kilikuwa upande wa chini wa mteremko. Tukaona mambo yamekamilika.

Aliyetusimamisha ni kijana wetu mmoja anayesomea uhandisi wa maji, aliyekuja likizo. Aliuliza swali moja tu: "Ustadhi, maji yaliyo chini ya ardhi yanaelekea wapi?" Hakuna aliyejua.

Nakiri kwamba nilimjibu kwa yale niliyoyasoma chuoni. Fiqhi inatufundisha kuwa maji mengi hunajisika pale najisi inapobadilisha rangi, ladha au harufu yake. Kisima kitakapochimbwa, nikasema, tutayatazama, tutayaonja na tutayanusa. Kijana akaniambia kwa adabu kwamba kanuni hiyo inatosha kwa udhu, lakini haitoshi kwa uji wa mtoto mchanga.

Kinyesi na mkojo vinapooza ardhini huzalisha chumvi iitwayo naitreti. Haina rangi, ladha wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 katika lita moja, kwa sababu ikizidi huweza kuizuia damu ya mtoto mchanga kubeba hewa safi, hata ngozi yake ikageuka samawati. Akina mama wazingatie hili: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi hiyo huzidi kukolea.

Jambo hili si geni katika mkoa wetu. Mtafiti Hudson Nkotagu, katika makala iliyochapishwa mwaka 1996, alieleza kuwa majitaka ni chanzo cha naitreti nyingi katika maji ya ardhini ya Dodoma. Tangu wakati huo watu wameongezeka sana, na mashimo ya vyoo pia.

Basi kijana akafungua kompyuta yake. Alitumia programu iitwayo MODFLOW, iliyotolewa na Idara ya Jiolojia ya Marekani mwaka 1984 na ambayo hupatikana bila malipo, pamoja na nyingine iitwayo MT3D inayofuatilia uchafu ndani ya maji hayo. Ardhi hugawanywa katika vyumba vidogo mithili ya ubao wa bao, kisha kompyuta huhesabu maji kiasi gani yanatoka chumba kimoja kuingia kingine, siku baada ya siku. Msingi wake ni kanuni ya Mfaransa Henry Darcy ya mwaka 1856: maji hupita ardhini kwa kadiri ya mteremko wake na wepesi wa udongo kuyapitisha.

Lakini kompyuta haijui lolote mpaka ipewe vipimo. Kwa siku tatu, baada ya swala ya alfajiri na kabla watu hawajaanza kuteka, tulizunguka na kamba kwenye visima vitatu vya majirani tukipima kina cha maji. Hapo ndipo tulipogundua kwamba mteremko wa maji chini haufuati sana mteremko wa ardhi tunaoukanyaga. Na alipoongeza pampu ya kisima chetu kipya, mstari wa uchafu kutoka chooni ulipinda ukaelekea kisimani. Pampu huyavuta maji ya pande zote, hata ya upande tuliodhani ni wa chini.

Je, uchafu ungefika lini? Akatukadiria hali mbili. Maji yakipita katika tabaka la mchanga uliomeng'enyuka, mita 35 zingechukua yapata siku 700. Yakipita katika nyufa za mwamba wa matale, ambao ndio msingi wa sehemu kubwa ya nchi yetu ya Dodoma, siku 35 tu. Katika siku 700 vijidudu vingi vingekwishakufa njiani, bali naitreti ingefika. Katika siku 35, baadhi ya vijidudu navyo vingefika vikiwa hai. Ipi kati ya hali hizo ni yetu? Akasema wazi kwamba hajui, kwa kuwa mwamba wetu haujapimwa.

Mjadala ulikuwa mkali. Mzee mmoja aliuliza, na alikuwa na haki, vipi tufukie shimo lililochimbwa kwa fedha za sadaka kwa sababu ya picha ya kompyuta. Kilichotutuliza ni kauli ya wanavyuoni wa Kihanafi waliojadili umbali baina ya kisima na shimo la uchafu: wengine walitaja dhiraa kadhaa, lakini wahakiki wao wakasema umbali hutofautiana kwa ulaini na ugumu wa ardhi. Mzee akatabasamu: "Kumbe kijana amesema ya wazee."

Tulilifukia shimo. Vyoo vikahamishiwa mbali zaidi, na badala ya shimo la wazi tukajenga tangi lisilovujisha. Watoto walisubiri miezi miwili zaidi, na fedha zilipungua. Kisima nacho hakitafunguliwa mpaka sampuli ya maji ipimwe maabara.

Mtume (saw) alimwelekeza Saad bin Ubada kwamba maji ni sadaka bora kwa ajili ya mama yake. Sadaka hiyo haiishii kwenye kuchimba. Nawasihi ndugu zangu wa kamati za misikiti na madrasa: kabla ya jembe la kwanza, pimeni maji yanaelekea wapi.

Wabillahi tawfiq.