Ubao Mmoja, Madarasa Mawili: Kufundisha Lugha kwa Mbali Ngara na Biharamulo

Mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya wakimbizi wengi kutoka Rwanda kuvuka daraja la Rusumo, Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera wilayani Ngara. Elimu ilikuwa miongoni mwa kazi zake. Redio ni chombo chema cha kufundishia lugha, kwani lugha kwanza ni sauti. Lakini ina upungufu ambao hakuna mtangazaji awezaye kuuondoa: haionyeshi maandishi, wala haimwoni mwanafunzi anapokosea.

Upungufu huo humwelemea zaidi kijana aingiaye kidato cha kwanza. Nyumbani Ngara husema Kihangaza au Kishubi. Biharamulo husema Kisubi au Kizinza. Katika shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili, na sasa fizikia humjia kwa Kiingereza. Asipokishika Kiingereza mapema, hukosa somo moja na mengine yote pamoja nalo. Na mwalimu hodari wa lugha aliyeko Biharamulo mjini hawezi kuwapo Murusagamba saa ile ile.

Hapo ndipo ubao wa pamoja wa intaneti unapoweza kusaidia. Huo ni ukurasa mweupe unaoonekana wakati mmoja katika kompyuta au simu kadhaa, na kila aliyeruhusiwa aweza kuuandika. Wazo lenyewe si geni. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilijaribu mtambo ulioitwa Cyclops mnamo mwaka 1980 hivi: sauti ilipita katika njia ya simu, maandishi yakapita katika njia nyingine ya simu, kisha yakatokea katika kioo cha televisheni. Uso wa mwalimu haukuonekana, na masomo yakaendelea.

Siri ya wepesi wake ni hii. Ubao hausafirishi picha ya maandishi, bali husafirisha habari za mwendo wa kalamu. Kalamu inapopita, kompyuta huhesabu nukta chache za njia yake na kuzituma kama tarakimu. Kompyuta ya upande wa pili huuchora mstari upya. Chukua mfano wa sentensi yenye mikwaruzo 25, kila mkwaruzo nukta 30, na kila nukta baiti 4. Jumla ni baiti 3,000. Hata zikizidishwa mara tano kwa ajili ya rangi, anwani na taarifa nyingine, ni kilobaiti 15 tu. Sentensi 60 za somo zima hazifiki megabaiti moja. Sauti ya kilobiti 24 kwa sekunde, kwa dakika 40, ni kama megabaiti 7. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde, kwa muda huo huo, hula megabaiti 150. Kwa shule inayonunua vifurushi vya simu, tofauti hiyo ndiyo huamua kama somo litakuwapo au halitakuwapo.

Msomaji atauliza: je, watu wawili wakiandika mahali pamoja kwa wakati mmoja? Swali hilo liliwashughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Ellis na Gibbs wa Marekani walitoa njia moja ya kulitatua mwaka 1989. Kwa ufupi, kila badiliko hupewa kanuni ya kulilinganisha na mengine, hata kama yamefika kwa mpangilio tofauti, ili mwishowe mbao zote zifanane. Kwa sababu hiyo mwanafunzi aliyekatikiwa na mtandao aweza kurudi na kuukuta ubao ulivyo, pamoja na yaliyoandikwa akiwa hayupo. Redio haina fadhila hiyo.

Sasa darasani. Mwalimu aandika *Anauza ndizi*, na chini yake *She sells bananas*. Kisha ataka kinyume chake, *Hauzi ndizi*. Mwanafunzi wa Murusagamba aandika *She not sells bananas*. Kosa hili lina mantiki yake: katika Kiswahili ukanushi hukaa ndani ya kitenzi, naye anatafuta neno moja tu la kuongeza. Mwalimu halifuti. Aizungushia duara herufi *s* ya *sells*, aleta *do* kati ya *she* na *not*, kisha aivuta ile *s* mbele ya macho ya wote hadi *do* inakuwa *does*, na *sells* inabaki *sell*. Herufi imehama. Maelezo ya dakika kumi kwa redio hayawezi kuonyesha uhamaji huo. Baada ya hapo kalamu hupewa mwanafunzi wa Biharamulo ajaribu *He grows coffee*.

Lakini mwalimu akiishika kalamu peke yake, chombo hiki huwa televisheni ya polepole, na afadhali redio. Tena pale ambapo wanafunzi 50 wana kompyuta moja, ubao lazima uoneshwe ukutani kwa projekta, na wanafunzi waitwe mmoja mmoja kuandika.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hufika mpakani Rusumo na Kabanga, lakini mkongo kupita wilayani si sawa na kuingia darasani. Shule nyingi za vijijini hutegemea mnara wa simu. Huduma nazo hufungwa: Jamboard ya kampuni ya Google, iliyozoeleka katika shule za nchi nyingi, ilisimamishwa mwishoni mwa 2024. BigBlueButton, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada mwaka 2007, ni programu huria, na taasisi yaweza kuiweka katika kompyuta yake yenyewe.

Umeme ukikatika siku ya somo, ukurasa wa ubao uliohifadhiwa kama picha waweza kutumwa kesho yake kwa simu. Mwalimu wa shule hiyo ataunakili kwa chaki, pamoja na *She not sells* na ule mshale uliotoka kwenye *s*.