Fahamu: Kitunguu saumu si dawa ya minyoo ya mbwa

Ushauri unasambaa mitandaoni: ponda punje za kitunguu saumu, changanya na chakula cha mbwa, minyoo na viroboto kwisha. Ushahidi wa kuaminika kwamba kinatibu haupo. Kinachojulikana ni madhara.

Kitunguu saumu kina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, waliwapa mbwa wanne dondoo yake kwa siku 7, sawa na gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito. Hakuna aliyeugua, lakini chembe zao ziliharibika. Dozi ilikuwa kubwa, ni kweli. Ila nani hupima punje jikoni?

Sasa mfikirie mtoto wa mbwa mwenye safura, minyoo ambayo tayari inamfyonza damu. Kitunguu kinaharibu hata hiyo iliyobaki. Dalili huchelewa siku kadhaa: ufizi mweupe, mkojo wa kahawia, kuhema, kulegea.

Fenbendazoli huua safura. Kwa tegu kuna prazikwanteli. Dozi hufuata uzito, kwa hiyo mbwa apimwe kwa daktari wa mifugo. Na kinyesi kizolewe mapema, maana mayai ya safura huanguliwa udongoni, na mabuu yake hupenya hata ngozi ya watoto wanaochezea udongo huo.